Mwezi wa Dagaa na Mwezi Wangu

Septemba 7, saa tatu usiku, mtaa wetu mzima ulikuwa nje unaangalia juu. Mwezi ulikuwa unapatwa. Umeshageuka rangi ya kutu kama sufuria iliyosahaulika uani, na watoto wamepanda juu ya mawe nyuma ya nyumba, kila mmoja anaapa kauona unasogea. Jirani yangu anawasimulia wapangaji wake jinsi watu wa zamani walivyopiga madebe mpaka mwezi urudi. Mimi nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, nimejifunga kanga moja, najikuna mgongo kwa mwiko.

Mwiko wa ugali. Niliuosha baadaye, msijali.

Vipele vilikuwa vimetoka shingoni, ubavuni na nyuma ya magoti. Kwenye picha za mtandaoni vipele vya aina hii huwa vyekundu, maana wanaopigwa picha ni Wazungu. Kwangu havina wekundu wowote. Ni mabaka yenye rangi ileile ya ngozi, yameinuka, yanaungana na kuachana, na yanawasha kama upupu. Yanatoka saa mbili usiku, alfajiri hayapo. Ukienda zahanati asubuhi huna cha kuonyesha zaidi ya alama za kucha zako mwenyewe.

Tangu Machi nilikuwa nimeambiwa, nikaamini, nikawatangazia na wengine, kwamba nina aleji ya dagaa.

Nikautazama tena ule mwezi. Hata kama umevaa kutu, ulikuwa mpevu.

Na mwezi ukiwa mpevu, dagaa hakuna.

Hukumu

Wa huku wanajua. Kwa mgeni niseme tu kwamba dagaa hufuata taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwaka. Wavuvi wanatoka wakati wa giza. Mwezi ukishajaa, mitumbwi inalala na nyavu zinashonwa.

Shangazi yangu anauza dagaa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mimi namtunzia hesabu, na wakati wa giza nashinda naye kutwa: kupokea mzigo, kupima kwa ndoo, kugeuza wanaoanikwa, kuonja. Kuonja ni kazi kamili. Dagaa aliyelala kwenye mchanga na dagaa wa chanja hawafanani mdomoni, na shangazi hakubali kununua kwa macho peke yake.

Mwasho ulianza Machi 4. Ukarudi Machi 31. Ukarudi Aprili 27. Mara zote tatu dagaa walikuwa wapya, wamejaa, na mimi nimeonja. Shangazi ndiye aliyeunganisha.

"Mwanangu, dagaa wakiingia tu wewe unawashwa. Hujaona?"

Nikaona. Dada wa duka la dawa naye akaona, akanipa Piriton. Kwenye zahanati niliyoenda mara ya kwanza niliulizwa swali moja, umekula nini, nikasema dagaa. Kalamu ikaandika kwenye daftari langu maneno matatu: aleji ya dagaa. Nilitoka mle ndani nikiwa nimefarijika, lazima nikiri. Jambo likipewa jina unahisi kama umelishika mkia.

Muuza dagaa mwenye aleji ya dagaa ni kichekesho cha soko. Wakanibatiza Mama Sato, kwa kuwa mchana nilihamia kwenye sato, na sato ana bei yake. Mei nilipunguza. Juni nikaacha kabisa: kula, kushika, hata kukaa upande unaotoka upepo wa chanja. Shangazi akawa ananiletea daftari mezani kama nina ugonjwa wa kuambukiza.

Juni nikawashwa. Nikasema ni mabaki mwilini. Julai nikawashwa, nikasema ni vumbi la magunia. Agosti nikawashwa, nikamshuku mama lishe kwamba anakaangia sato wangu kwenye mafuta yaliyokaangia dagaa. Nilimuuliza mbele ya wateja wake. Hakunijibu, ila tangu siku hiyo vipande vyangu ni vya mkiani.

Kalenda ya ukutani

Usiku ule wa kupatwa kwa mwezi niliingia ndani kabla watoto hawajachoka, nikaitungua kalenda ya SACCOS iliyoko nyuma ya mlango.

Ile kalenda ina maandishi ya watu wawili. Shangazi akija huchora duara jeusi pale giza linapokolea, ili tujue lini pesa zitahitajika. Mimi naweka nukta ndogo ya kalamu nyekundu siku nikiingia mwezini. Tabia hiyo ninayo tangu nilipowapata Kulwa na Doto, ambao walikuja bila miadi. Sikuwahi kuyatazama maduara na nukta pamoja. Ya nini? Yale ya biashara, hizi za kwangu.

Siku za kuwashwa sikuwa nimeziandika popote, lakini simu ilikuwa imeniandikia. Kila nilipolipia dawa kwa simu, ujumbe ulibaki. Nikakaa sakafuni na tochi, umeme ukiwa umeenda kama kawaida yake, nikashusha tarehe moja moja.

Maduara ya shangazi: Aprili 27, Mei 27, Juni 25, Julai 24, Agosti 23.

Malipo ya duka la dawa: Aprili 27, Mei 24, Juni 19, Julai 16, Agosti 11. Na leo, Septemba 7, najikuna.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nakiona. Mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu. Wangu, nilipohesabu nukta, ulikuwa wa siku 26 au 27. Aprili walianza safari pamoja, mguu kwa mguu, ndiyo maana tukawadhania mtu mmoja. Lakini kila mzunguko wangu ulitangulia siku mbili tatu. Kufikia Agosti 11 nilikuwa nawashwa siku ya pili baada ya mwezi kujaa, mitumbwi yote iko nchi kavu.

Na siku mbili baada ya kila malipo, bila kukosa, kuna nukta nyekundu.

Nilikaa pale sakafuni mpaka tochi ikaanza kufifia.

"Siku ya ngapi?"

Wiki mbili zilipita kabla sijaenda tena kwa daktari, sehemu nyingine safari hii. Nilikuwa naona aibu. Mtu anapangaje foleni kumwambia daktari kijana, anayeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, kwamba anawashwa kwa kufuata hedhi? Nilijiandaa kucheka mwenyewe kabla hajacheka yeye.

Hakucheka. Nilipomaliza kumweleza habari ya mabaka akauliza, "Yakitoka, mama, huwa ni siku ya ngapi?"

Nikajibu ya pili au ya tatu ya kuumwa. Akatikisa kichwa. "Siku ya ngapi ya mwezi wako."

Nilifungua mkoba nikamtolea kalenda. Nilikuwa nimeikunja mara nne.

Nimelifikiria lile swali kwa wiki nyingi sasa, ndilo lililonifanya niandike. Lina maneno machache na halihitaji maabara. Nina miaka 43, nimepita mikononi mwa wahudumu wengi tangu nikiwa msichana, nikiwa na kichwa, ngozi, kifua, tumbo. Umekula nini nimeulizwa. Umelala kwenye chandarua nimeulizwa. Tarehe ya hedhi ya mwisho huulizwa ili wajue kama una mimba, wakishajua huna, swali linafungwa.

Kisha akaniuliza la pili, ambalo nitalirudia.

Histamini, kwa lugha ya Mwaloni

Alinieleza, nami nikaenda kusoma zaidi, na nitaliweka kwa namna nilivyolielewa.

Chini ya ngozi, kwenye utando wa pua, kwenye mapafu, utumbo na hata mji wa mimba, kuna seli zinazoitwa seli za masti. Mjerumani Paul Ehrlich alizipa jina hilo mwaka 1878 kwa sababu zilijaa chembechembe na yeye akadhani zimeshiba. Jina lina maana ya unenepeshaji. Zile chembechembe si chakula. Ni maghala, na mojawapo ya bidhaa zilizomo ni histamini. Seli ikichokozwa inafungua ghala, mishipa midogo ya damu inatanuka na kuvuja maji, ngozi inainuka, mishipa ya fahamu inapeleka habari ya mwasho. Ndiyo mabaka.

Histamini yenyewe iliingia kwenye sayansi kupitia mlango wa wakunga. Mwaka 1910 huko London, George Barger na Henry Dale waliitoa kwenye aina ya ukungu wa nafaka ambao wakunga wa Ulaya waliutumia kuharakisha uchungu, na Dale akaonyesha jinsi inavyoubana mji wa mimba wa mnyama wa maabara. Nilipenda sana kulijua hilo. Tangu mwanzo lilikuwa jambo la uzazi, halafu likaja kuishia kwetu kama jambo la mafua na Piriton.

Sasa, nini kinafungua ghala? Kwa mwenye aleji halisi, kingamwili zake zimekosea zikaona karanga au kamba wa baharini kuwa adui. Lakini kuna vichokozi vingine, na hapa homoni zinaingia. Seli za masti zina vipokezi vya estrojeni. Zikimwagiwa estrojeni maabara, zinafungua kirahisi zaidi. Projesteroni inaelekea kuzituliza. Katika mwezi wa mwanamke, estrojeni inapanda mpaka kilele karibu na yai kupevuka, halafu projesteroni inashika zamu, kisha siku chache kabla ya damu zote mbili zinashuka kwa pamoja.

Siku hizo za kushuka ndizo nilizokuwa nanunua dawa.

Seli kwenye kisahani cha kioo si mwanamke anayepanda daladala ya Kirumba, najua. Ila yapo yanayoonekana kwa watu wazima mitaani. Pumu huwapata zaidi wavulana utotoni, lakini wakishabalehe mizani inageuka, inakuwa zaidi ya wanawake, na wengi wenye pumu wanaeleza kifua kubana zaidi siku za kukaribia hedhi. Mabaka ya kujirudia kama yangu huwashika wanawake karibu mara mbili ya wanaume. Nilipolisoma hili la pumu niliacha kusoma nikampigia rafiki yangu wa Igoma, ambaye kwa miaka anajua kwamba "kuna wiki" yake ya kukohoa. Akacheka. "Mbona hilo nalijua tangu sekondari?" Nikamuuliza kama amewahi kumwambia daktari.

Kimya. "Angenionaje?"

Miezi tisa ya amani

Kuna jambo lililokuwa limekaa kichwani mwangu miaka 11 bila kupata pa kukaa.

Nilipokuwa na mimba ya mapacha, nilikula dagaa kama sina akili. Dagaa wa kukaanga, wa nazi, wa nyanya chungu, dagaa wabichi wa siku hiyohiyo. Pua yangu, ambayo tangu utoto inabubujika kila upepo unapobadilika ziwani, ilikauka. Hata wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi hawakuniliza. Shangazi alisema watoto wananilinda.

Daktari kijana alinifundisha kwamba mwilini kuna vimeng'enya vinavyovunja histamini, na kimojawapo hukaa hasa utumboni, kikiipokea ile inayotoka kwenye chakula. Mwanamke akiwa mjamzito, kondo la nyuma linakitengeneza kwa wingi mno, hata kiwango chake kwenye damu kinapanda mamia ya mara.

Mamia.

Si kila mjamzito anapata nafuu, wengine aleji na pumu huwazidi. Siandiki hapa ili mtu akabebe mimba kama tiba. Lakini nilipomwambia shangazi, alikaa kimya kidogo, akakung'uta mikono, akasema, "Si nilikwambia watoto?"

Kidonge cha tumbo

Swali la pili la daktari lilikuwa hili: "Tumbo likiuma unameza nini?"

Diklofenaki. Kila mwezi, tangu zamani. Nani hamezi? Inauzwa duka lolote, unamezea na chai, unaendelea na kazi.

Akaniomba nimsimulie usiku mmoja wa kuwashwa, saa kwa saa. Nikamsimulia ule wa Mei, ulionitisha kuliko yote. Usiku wa kwanza mabaka machache ubavuni. Siku iliyofuata tumbo likaanza kunyonga, nikameza kidonge mchana, kingine jioni. Usiku wa pili mabaka mwili mzima, na mdomo wa juu ukavimba mpaka Doto akaniuliza nimepigwa na nani.

Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, kwa baadhi ya wenye mabaka ya aina yangu huyaamsha au kuyazidisha. Kwa hiyo mwezi wangu ulikuwa unawasha moto, na mimi siku ya pili namwagia mafuta ya taa kwa mkono wangu. Halafu nalaumu dagaa.

Nilitaka iwe ndiyo yote. Ingekuwa hadithi nzuri: acha kidonge, pona. Lakini kalenda ilikataa, kwa sababu mabaka ya usiku wa kwanza yalikuwa yanatangulia kidonge. Kidonge kilieleza mdomo kuvimba. Mwasho wenyewe hakikuueleza.

Na kuhusu mdomo, daktari alikuwa mkali kwangu kwa mara ya kwanza. Midomo, ulimi au koo vikivimba, au pumzi ikikata, hukai nyumbani kusubiri Piriton ifanye kazi. Unakwenda hospitali usiku huohuo, kwa bodaboda ikibidi. Mei mimi nilijilaza na kitambaa cha maji baridi, nikaona nimekuwa jasiri.

Dagaa naye si malaika

Hapa ndipo nilipotaka kumwachia dagaa huru kwa shangwe, nikashindwa.

Samaki anapokaa kwenye joto bila barafu na bila kuanikwa vizuri, bakteria wanaigeuza histidini iliyo kwenye nyama yake kuwa histamini. Kitu kilekile kilichomo kwenye maghala ya seli zangu. Pwani wanaijua zaidi kwa jodari na vibua: mtu anakula, baada ya muda mfupi uso unachemka, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, na wala hana aleji ya samaki. Na ikishatengenezwa haitoki. Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, friza haiiondoi.

Sasa kumbukeni Machi na Aprili ni masika. Mvua inanyesha chanja zikiwa zimejaa, dagaa wanafunikwa turubai wakiwa na unyevu, kesho jua likichomoza wanatoa ile harufu ambayo kila mtu pale Mwaloni anaijua na hakuna anayeitaja mbele ya mteja. Nami nilikuwa nawaonja. Mwezi wangu umeshalegeza makufuli, halafu naongeza histamini ya nje kwa kijiko.

Shangazi aliposikia hili alifurahi mno. Kwake ilikuwa kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilijaribu kumweleza kwamba Agosti sikula dagaa hata mmoja na nikawashwa vilevile. "Hiyo ya Agosti ni nyingine," akasema.

Miaka 43

Kwa nini mwaka huu, na sio nikiwa na 30? Nukta zilikuwa na jibu, kalenda za nyuma nikaziweka chini zote. Miaka mingi mwezi wangu ulikuwa wa siku 29. Mwaka juzi ukawa 28. Sasa 26, 27.

Kumbe mwanamke anapoukaribia ukomo wa hedhi, haikatiki kama bomba lililofungwa. Miaka kadhaa kabla, mizunguko inaweza kufupika, projesteroni ikapungua, na estrojeni ikawa inayumba, leo juu kuliko ulivyokuwa msichana, kesho chini. Nilikuwa nangoja joto la usoni na jasho la usiku nikiwa na miaka 50, kwa sababu hayo ndiyo niliyoyaona kwa mama mdogo. Ngozi sikuambiwa.

Kwetu tumeambiwa mengi kuhusu kuvunja ungo. Kuna mafundisho yake, kuna bibi wake. Kuhusu kutoka, hakuna somo. Shangazi nilipomuuliza yeye ilikuwaje, alijibu, "Niliacha tu," akaanza kuhesabu ndoo upya wakati alishazihesabu.

Siku tatu baadaye, tukiwa wawili, alinyoosha mkono akanionyesha ndani ya kiwiko. Ngozi pale ni nyeusi na ngumu kama ya mguu. "Miaka minne nilijikuna hapa," akasema. "Babu yako mdogo akasema ni damu chafu. Nilikunywa mizizi mpaka nikaharisha. Siku hedhi ilipokata kabisa, na hii ikakata."

Hakuwahi kumwambia mtu. Alidhani ni chawa wa magunia.

Wanaouza jibu

Ukitafuta maneno haya kwenye simu, siku mbili tu, simu inakujua. Nilianza kuona matangazo ya dada mmoja mchangamfu anayeuza "seti ya kusafisha estrojeni", miezi mitatu, shilingi 180,000, na orodha ya vyakula vya kuacha: samaki, nyanya, parachichi, mchicha, ndizi, maziwa ya mgando. Nikaisoma orodha nikiwa jikoni. Niliyobaki nayo ni ugali na maji.

Karibu ninunue, sitadanganya. Maelezo yake ya mwanzo yalifanana kabisa na niliyoambiwa na daktari: seli, estrojeni, histamini. Lilipofika suala la pesa ndipo yakaruka. Alikuwa na kipimo cha damu cha kile kimeng'enya cha utumbo, anachodai kinamaliza ubishi. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana hata jinsi ya kumtambua mtu ambaye mwili wake haustahimili histamini, na kipimo hicho hawakiamini kutoa uamuzi peke yake. Nilimuuliza kwenye WhatsApp. Alinitumia emoji ya maua na namba ya kulipia.

Sijakasirika naye sana. Anauza mahali ambapo kuna shimo. Swali la "siku ya ngapi" lingekuwa linaulizwa kwenye kila zahanati, yeye asingekuwa na wateja.

Tiba niliyopewa haina mbwembwe. Setirizini kuanzia siku chache kabla ya nukta, badala ya Piriton iliyokuwa inanilaza mpaka nachanganya sabini na mia saba kwenye daftari. Diklofenaki niweke kando, tumbo likiuma parasetamoli na chupa ya maji moto. Niandike tarehe.

Dagaa watatu

Oktoba 4 mabaka yalikuja, mikononi tu. Mdomo haukuvimba. Oktoba 30 hakuna nilichoandika. Mnajua wiki ile ya uchaguzi ilivyokuwa.

Novemba 18 nilikwenda zahanati na kikopo cha plastiki. Nilikuwa nimemuuliza daktari kama naweza kula dagaa tena, akasema sawa, lakini mara ya kwanza hapo mbele yake, kwa sababu ya ule mdomo wa Mei. Ndani ya kikopo mlikuwa na dagaa watatu wa kukaanga. Nilikula wa kwanza, nikakaa kwenye benchi nusu saa kati ya mama anayenyonyesha na mzee mwenye bandeji. Nikala wa pili. Nusu saa. Mzee akauliza hiyo ni dawa gani, na kama inapatikana kwa bima.

Nikala wa tatu. Hakuna kitu. Jioni nilikula sahani nzima na ugali, na pilipili, hadi nikalamba chumvi ya vidole.

Novemba 26, vipele vinne ubavuni. Nilivihesabu kwa tochi. Nukta ikaja Novemba 28.

Nilipeleka habari hii kwa shangazi kama mtu aliyeshinda kesi. Alisikiliza huku anachambua mawe kwenye dagaa, halafu akauliza wale watatu walikuwa wa chanja au wa mchanga. Wa chanja, nikasema. Akainua nyusi, basi.

Kisha akachukua kalamu, akaifunua kalenda mpaka Desemba, akachora duara lake jeusi juu ya 20. Akanipa kalamu. Nikahesabu kwa vidole kutoka Novemba 26, siku 27, nikaweka alama juu ya 23.

Tukazitazama zile alama mbili, zimekaribiana tena kama Machi.

"Utakuja kuonja?" akauliza.

"Nitakuja."

"Njoo na hiyo setirizini yako," akasema. "Na mimi nitajua nilichokuwa nakijua."